Ndizi zilizoiva mno: Mkate mtamu bila sukari, na onyo kwa wenye kisukari

IKIWA unaishi mjini, bila shaka mambo haya unayajua. Jumamosi unanunua kichane cha ndizi kwa mama mboga. Watoto wanakula nne au tano, na kufikia Jumatano zilizosalia zimeota madoadoa. Ijumaa maganda yamekuwa meusi, nyama imelegea, vijinzi vidogo vimeanza kuzizunguka na hakuna mtu nyumbani anayetaka hata kuzitazama. Hatima yake ni pipa la taka.

Kuzitupa ni hasara. Aghalabu ndizi iliyofika hapo haijaharibika. Imekamilika kuiva tu, na huo ndio wakati inapofaa zaidi kutengenezewa mkate wa ndizi. Lakini kuna jambo ambalo wengi wanaouoka mkate huu hawalizingatii. Ukitumia ndizi zilizoiva kiasi hicho, kile kikombe cha sukari kinachotajwa katika maelezo mengi ya upishi hakina kazi yoyote ya maana. Na kwa msomaji aliye na kisukari, au anayempikia mgonjwa wa kisukari, nina onyo jingine: kuiondoa sukari hakuufanyi mkate huo kuwa dawa, wala chakula cha kuliwa bila kipimo. Katika kliniki ninakutana na makosa haya mawili mara kwa mara, na la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

WANGA WAGEUKA SUKARI

Kwanza tuelewe kinachotendeka ndani ya ndizi. Ndizi ya kijani imejaa wanga, takriban gramu 20 katika kila gramu 100 za nyama yake. Inapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini. Gesi hiyo huamsha vimeng'enya ambavyo huukatakata wanga na kuugeuza sukari. (Ndiyo sababu ukitia ndizi moja mbivu pamoja na zilizo mbichi ndani ya mfuko, zote huiva upesi.) Wakati ganda limejaa madoadoa, wanga uliosalia ni gramu moja au mbili tu hivi. Ule mwingine wote umekuwa sukari, na ndipo ndizi ikawa tamu na laini kiasi cha kupondeka kwa uma.

Kuna watu wanaoamini kwamba ndizi iliyoiva mno "imeongezeka sukari" kana kwamba imetoka mahali kwingine. La hasha. Jumla ya wanga na sukari haibadiliki sana. Kilichobadilika ni umbo lake. Mwili wako ungeukata wanga huo hata kama ungekula ndizi ikiwa haijaiva vyema, ila ungechukua muda mrefu zaidi kuumaliza. Kwa mtu mwenye afya njema tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mwenye kisukari si ndogo, kwa kuwa sukari ya ndizi iliyolegea huingia katika damu haraka kuliko ya ndizi iliyoiva kiasi.

Ndizi moja ya kadiri, yenye nyama ya gramu 120 hivi bila ganda, ina kalori 105, wanga na sukari jumla ya gramu 27, nyuzinyuzi gramu 3 na madini ya potasiamu miligramu 420 hivi. Potasiamu haipotei ndizi inapooza ganda wala inapookwa. Vitamini C, ambayo si nyingi katika ndizi, hupungua kwa moto.

Weusi wa ganda usikutishe. Hutokana na vimeng'enya vya tunda kukutana na hewa, kama vile parachichi lililokatwa linavyogeuka kahawia. Hata nyama ikiwa na rangi ya kahawia hapa na pale, maadamu harufu ni tamu, ndizi inafaa. Kisichofaa ni ndizi iliyopasuka na kutoa majimaji, inayonuka pombe au siki, au yenye ukungu, uwe mweupe, wa kijani au mweusi wenye manyoya. Hiyo itupe yote. Usikate upande wenye ukungu ukatumia uliosalia, kwa maana katika chakula laini nyuzi za ukungu huwa zimepenya ndani kuliko jicho linavyoweza kuona. Wala usitumainie moto wa oveni kuisafisha, kwani sumu nyingi za ukungu haziuawi na joto la kuoka.

Wakenya tuna sababu ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Mwaka wa 2004, mahindi yaliyoingiwa na sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini yaliwadhuru watu 317 katika maeneo ya Makueni, Kitui na kwingineko mashariki mwa nchi, na 125 kati yao wakafariki. Kisa hicho hakikuhusu ndizi. Hata hivyo, sumu hiyo hiyo hupatikana katika njugu karanga, na wengi hupenda kutia karanga katika mkate huu. Chagua karanga moja moja. Iliyonyauka, iliyobadilika rangi au yenye uchungu isiingie katika bakuli lako.

Nikiwa bado kwenye ndizi, niseme neno juu ya zile zinazoivishwa kwa kalsiamu kabaidi, ambayo pia hutumiwa na mafundi wa kuchomelea vyuma. Kemikali hiyo huweza kuwa na chembechembe za aseniki na fosforasi, na haifai kabisa kugusana na chakula. Si rahisi kuzitambua ndizi hizo kwa macho tu, ila ganda lililo la manjano kote ilhali nyama ni ngumu na haina harufu ni dalili ya kukufanya ushuku. Kwa mkate, nunua zikiwa bado zina ukijani kidogo, uziache ziive zenyewe nyumbani, na uoshe maganda kwa maji kabla ya kumenya.

MKATE ULIOTOKA MBALI

Mkate wa ndizi kama tunavyoujua, ule wa kuumuliwa kwa soda badala ya hamira, asili yake ni Marekani. Ulienea huko katika miaka ya 1930, wakati uchumi ulipoanguka na wake wa nyumbani hawakuthubutu kutupa tunda hata likiwa jeusi. Hapa kwetu ulikuwa chakula cha mikahawa na cha wenye oveni, hadi mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid-19, ambapo watu walijikuta wamefungiwa nyumbani na kafyu. Ghafla kila mtu mwenye simu alikuwa na maelezo ya kuoka mkate wa ndizi. Majirani zetu wa Uganda tangu zamani wamekuwa na kabalagala, vitumbua vya ndizi ndogo tamu zilizoponwa na kuchanganywa na unga wa muhogo. Ni vitamu kweli, ila huzamishwa katika mafuta ya moto, na mimi kama daktari ningekuomba uoke badala ya kukaanga.

Sasa tazama maelezo ya kawaida yanayopitishwa kutoka mtu hadi mtu: ndizi tatu, unga mweupe wa ngano vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, majarini nusu kikombe, mayai mawili, soda ya kuokea kijiko kimoja cha chai na chumvi nusu kijiko. Tufanye hesabu. Kikombe cha sukari ni gramu 200. Ukiukata mkate vipande kumi, kila kipande kina gramu 20 za sukari iliyoongezwa, yaani vijiko vitano vya chai, kabla hata ya kuhesabu sukari ya ndizi zenyewe. Kalori zake zinakaribia 300 kwa kipande.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni karibu gramu 25, au vijiko sita vya chai. Kwa hivyo ukila kipande kimoja cha mkate huo na kikombe cha chai yenye vijiko viwili vya sukari, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi, umekipita kipimo cha siku nzima saa nne asubuhi. Watoto kipimo chao ni kidogo zaidi, nao ndio tunaowafungia vipande viwili kwenda navyo shule.

UUOKE HIVI

Mkate ninaowapendekezea wagonjwa wangu, na ambao huokwa hata nyumbani kwangu, hauna sukari hata kijiko. Twaa ndizi nne zilizoiva hadi ganda limekuwa jeusi nusu yake au zaidi. Zikiwa za kisukari, zile ndogo ndogo, tumia saba au nane. Ziponde kwa uma ndani ya bakuli. Vibonge vichache vikisalia si neno. Piga mayai mawili uyatie humo, ongeza mafuta ya kupikia ya maji robo kikombe na maziwa lala robo kikombe.

Katika bakuli jingine chekecha unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, unga wa wimbi nusu kikombe, soda ya kuokea kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na mdalasini au iliki kwa kadiri upendavyo. Mdalasini huufanya ulimi udhani kuna sukari zaidi ya iliyopo, na hiyo ndiyo faida yake. Habari kwamba unatibu kisukari uziache huko huko ulikozisikia. Mimina vitu vya maji juu ya unga na uchanganye kwa mwiko mpaka usione unga mkavu, kisha uache mara moja. Ukikoroga sana mkate utakuwa mgumu kama mpira.

Maziwa lala hayapo kwa sababu ya ladha peke yake. Soda huhitaji kitu chenye ukali kidogo ili itoe mapovu ya kuumua mkate. Ndizi ina ukali huo lakini si mwingi. Usipokuwa na maziwa lala, tumia maziwa ya kawaida yaliyokamuliwa ndimu nusu. Na tafadhali, usitumie magadi ya jiwe, yale ya kulainishia maharagwe, badala ya soda ya kuokea. Magadi hayo huweza kuwa na floridi nyingi, ambayo huharibu meno ya watoto yakawa ya kahawia, na ikizidi kwa miaka mingi hudhuru mifupa.

Wimbi nimelitia kwa sababu lina kalisi nyingi kuliko ngano na nyuzinyuzi zake husaidia tumbo. Lakini wimbi peke yake haliumuki, kwa hivyo usizidishe theluthi moja ya unga wote. Ukipata unga wa ngano usioondolewa pumba, utumie badala ya ule mweupe. Mafuta ya maji nayapendelea kuliko majarini ngumu, ambazo baadhi yake zimetengenezwa kwa mafuta yaliyogandishwa kiwandani, mafuta yanayopandisha kolesteroli mbaya na kuishusha ile nzuri. Soma kibandiko kabla ya kununua.

Chumvi nimeiacha makusudi. Kijiko kimoja cha chai cha soda kina miligramu zipatazo 1,250 za sodiamu, na mwili wako hautofautishi sodiamu ya soda na ya chumvi. Kipimo cha mtu mzima kwa siku hakifai kuzidi miligramu 2,000. Katika mkate wa kwanza, wenye soda, chumvi na majarini, kila kipande kina karibu miligramu 300. Katika huu wa pili haifiki nusu ya hiyo. Wenye shinikizo la damu wataelewa ninachosema.

Paka mafuta chombo cha kuokea, mimina rojo lako na uoke kwa joto la nyuzi 175 hadi 180 kwa muda wa dakika 50 hadi saa moja. Choma katikati kwa kijiti; kikitoka kikavu, mkate uko tayari. Usilambe mwiko kabla ya kuoka wala usiwaachie watoto waulambe. Mayai mabichi huweza kuwa na viini vya salmonela, na hata unga mbichi si salama kama tunavyodhani.

Wengi wetu hatuna oveni. Si kikwazo. Weka chombo chenye rojo ndani ya sufuria kubwa nzito iliyotandazwa mchanga au vijiwe safi chini, funika, kisha tia makaa machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko. Hapo nina ombi moja kubwa. Kazi hii huchukua saa moja au zaidi, na miezi ya Juni na Julai kuna baridi, hivyo mtu hushawishika kuingiza jiko ndani na kufunga dirisha ili chumba kipate joto wakati mkate unaiva. Makaa yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi ambao mtu huweza asiamke tena. Kila msimu wa baridi hatukosi kusikia juu ya familia iliyoangamia hivyo. Oka nje au kwenye baraza. Ikibidi uwe ndani, milango na madirisha yabaki wazi, na jiko litolewe nje kabla mtu yeyote hajalala.

"NI MATUNDA TU, DAKTARI"

Majuzi alinijia mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akiandamana na bintiye. Amekuwa na kisukari kwa miaka tisa na alikuwa ameudhibiti vizuri kwa tembe. Safari hii kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu kilikuwa kimepanda kutoka asilimia 7.2 hadi 9.6. Usiku alikuwa akiamka mara nne kwenda haja ndogo, na macho yalikuwa yameanza kuona ukungu.

"Baba hatii hata punje ya sukari kwenye chai," binti aliniambia. "Mimi mwenyewe ndiye ninayemtengenezea."

Nilimuuliza mzee anakula nini jioni.

"Ugali kidogo na mboga. Kisha ule mkate wa ndizi anaoniokea huyu. Hauna sukari. Ni matunda tu, daktari."

Vipande vingapi? Vitatu kila jioni. Binti alinieleza anavyouoka: ndizi tano nyeusi, vikombe viwili vya unga mweupe, na badala ya sukari, nusu kikombe cha asali, kwa kuwa alikuwa amesoma mahali kwamba asali haimdhuru mgonjwa wa kisukari. Tulichukua kalamu. Wanga na sukari ya mkate mzima ilikaribia gramu 465. Akiukata vipande kumi, kila kimoja kilikuwa na gramu 46 hivi, karibu sawa kabisa na mkate wenye kikombe cha sukari. Vipande vyake vitatu vya jioni vilikuwa sawa na kula vipande tisa vya mkate wa kawaida wa dukani, juu ya ugali aliokwisha kula.

Binti aliinamisha kichwa na machozi yakamlengalenga. Alikuwa ameacha usingizi wake wa Jumapili kila wiki ili amuokee babake kitu salama. Mzee alimshika mkono akamwambia, "Mama, ulinipikia kwa mapenzi. Nani angejua?"

Wapo madaktari ambao wangeupiga marufuku mkate huo hapo hapo. Mimi sikuupiga. Mgonjwa wa kisukari aliyekatazwa kila kitu hula kwa kujificha, na hapo huwezi tena kumsaidia. Nilichowaambia ndicho ninachokuambia wewe msomaji.

Asali ni sukari. Tende zilizopondwa ni sukari. Zabibu kavu, sukari ya kahawia, sukari guru, zote ni sukari, na mwili wako hauulizi ilitoka kwa nyuki au kwa muwa. Tena, hata ukiziondoa zote, unga nao ni wanga. Ule mkate wangu wa ndizi nne usio na sukari bado una gramu 30 hivi za wanga na sukari ya tunda kwa kipande, yaani kama vipande viwili vya mkate wa dukani. Ni afadhali sana kuliko 47 za mkate wa kawaida wa ndizi. Lakini 30 si sifuri.

Kwa hivyo mwenye kisukari ale kipande kimoja, chembamba, na kiwe mahali pa chapati, mkate au ugali wa mlo huo, si nyongeza juu yake. Kiambatane na kitu chenye protini kama yai, maharagwe au maziwa lala yasiyotiwa sukari, ili sukari iingie mwilini polepole. Mtu aliye na mashine ndogo ya kupimia sukari nyumbani apime kabla ya kula na saa mbili baadaye. Hapo atajua mwili wake unasemaje, maana watu wawili wanaweza kula kipande kile kile na mmoja akapanda sana kuliko mwenzake. Anayetumia insulini azungumze na daktari au mtaalamu wa lishe ili kipande hicho kihesabiwe. Na sukari ikishuka ghafla, ukatokwa jasho na kutetemeka, usikimbilie mkate wa ndizi: mafuta yaliyomo huuchelewesha. Kunywa maji yenye sukari au soda ya kawaida.

Mzee alirudi baada ya miezi mitatu akiwa na asilimia 7.8. Siwezi kudai ni mkate peke yake uliofanya hivyo, kwa kuwa alianza pia kutembea nusu saa kila asubuhi na tuliongeza tembe moja. Mkate bado huokwa kwake kila Jumapili. Hula kipande kimoja, na vinavyosalia hupelekewa wajukuu.

WENGINE WA KUJIHADHARI

Wenye ugonjwa wa figo uliokomaa, hasa wanaosafishwa damu kwa mashine, wana shida tofauti. Figo zao haziwezi kuitoa potasiamu ya ziada, na ikirundikana huweza kusimamisha moyo. Kipande kimoja cha mkate wa ndizi nne kina miligramu 170 hivi kutoka kwa ndizi peke yake, na zaidi kutoka kwa unga wa wimbi. Hilo pia liangaliwe kwa wanaomeza dawa za presha na za moyo kama enalapril, losartan au spironolactone, ambazo hupandisha potasiamu, iwapo figo zao pia zina kasoro. Ikiwa u miongoni mwa hao, uliza kliniki yako kabla ya kuufanya mkate huu kuwa desturi.

Kinyume chake, wapo wenye presha wanaofikiri kwamba kwa kuwa potasiamu husaidia kushusha presha, basi mkate wa ndizi utawatosha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau miligramu 3,510 kwa siku kwa mtu mzima mwenye figo nzima. Huwezi kuzifikia kwa mkate. Kula mboga, maharagwe na matunda yenyewe, na tembe zako usiziache.

Mtu anayewashwa na mipira ya glavu au baluni, na kinywa kikamuwasha akila ndizi au parachichi, asipuuze dalili hiyo. Mizio ya mpira na ya matunda hayo huandamana, na kuoka hakuiondoi kwa hakika.

Mtoto aliye chini ya miezi sita hana haja na chochote ila maziwa ya mama. Akianza kula, ndizi iliyopondwa peke yake inamfaa kuliko mkate. Asali asipewe hata chembe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata ikiwa imeokwa ndani ya mkate, kwa kuwa huweza kubeba mbegu za viini vya ugonjwa wa botuli ambazo joto la oveni haliziui. Kwa watoto wa shule, kipande kimoja na maji ya kunywa kinatosha saa ya mapumziko. Mkate huu hunata katika meno, hivyo uliwe mchana, na si kitandani baada ya kupiga mswaki.

Mwisho, kuhusu kuuhifadhi. Kwa kuwa una majimaji mengi, haudumu kama mkate wa dukani. Nairobi au Eldoret utakaa siku mbili ukifunikwa. Mombasa na Kisumu, kwa joto la huko, usiuache nje zaidi ya siku moja. Katika friji utafika siku nne. Na ikiwa ndizi zimeiva ukiwa huna muda wa kuoka, zimenye kwanza, zikate vipande na uziweke kwenye mfuko safi ndani ya friza. Usiziweke na maganda, kwani zikishagandishwa hivyo ni taabu kuzimenya. Siku ya kuoka ziache ziyeyuke ndani ya bakuli, na yale maji yatakayotoka usiyamwage. Ndiyo yenye utamu mwingi.